Epicurus na chungu cha jibini

Swali la jinsi Epicurus, mwanafalsafa wa Kigiriki, alivyozipanga tamaa za mwanadamu haliwezi kujibiwa kabla ya kulishughulikia neno lenyewe. Kigiriki husema epithimia, na neno hilo halimlaumu mtu: kiu ya maji ni epithimia, na kutaka kusimamishiwa sanamu ni epithimia vilevile. Sisi tukisema "tamaa" tumeshahukumu. Tamaa mbele, mauti nyuma. Kwa hiyo mimi hutumia "matamanio". La sivyo, msomaji atadhani mzee huyu alihubiri kujinyima.

Alizaliwa Samos mwaka 341 KK, na mnamo 306 KK akafungua shule Athens katika bustani yake, akawapokea hata wanawake na watumwa. Katika waraka wake kwa Menoeceus anayagawa matamanio: mengine ni ya asili, mengine ni matupu. Ya asili nayo yako ya lazima na yasiyo ya lazima. Ya lazima ni yale yanayohitajika ili tuishi, ili mwili usisumbuke, au ili tuwe na furaha. Katika fungu hilo la mwisho mimi huweka urafiki, maana hakuna alichokisifu kuliko huo.

Kipimo chake ni chepesi kukitumia. Nikikosa kitu hiki, je, nitaumia? Maji yakikosekana, mwili unadai. Samaki wa bei akikosekana, mkate unaiondoa njaa ileile. Hapo tamanio ni la asili lakini si la lazima. Sanamu na taji la heshima haviondoi maumivu yoyote, na havina kikomo: ukipata moja, utataka la pili. Utajiri wa asili, anasema, una mpaka na hupatikana kwa urahisi. Ule wa dhana tupu unakimbilia pasipo mwisho.

Wengi hukosea hapa. Wanaorodhesha vitu: mkate huku, samaki kule, kisha wanadhani kazi imekwisha. Lakini kinachopangwa ni tamanio, na tamanio hubeba imani ndani yake. Fundisho la 30 kati ya yale mafundisho yake makuu 40 linasema hivi: tamanio la asili ambalo ukilikosa huumii, lakini unalikimbilia kwa nguvu zote, limeshalishwa dhana tupu. Samaki yuleyule niliyemfurahia jana akiwa "bila yeye karamu si karamu", amehama fungu. Dalili si bei ya samaki. Dalili ni ule mhemko wa kukosa.

Basi kila tamanio liulizwe swali ambalo Epicurus mwenyewe alituachia: nitapata nini likitimia, na nini lisipotimia? Lijibu kwa vitu vinavyoonekana. "Nitaheshimiwa" halitoshi, sema nani atakuheshimu, na siku ya pili itakuwaje. Jibu likigoma kutoka, una dhana tupu mkononi.

Upande wa mazoezi, Seneca, mwanafalsafa wa Roma, anatueleza katika barua yake ya 18 kwamba Epicurus alikuwa na siku maalumu za kula kidogo sana, apime kama raha yake inapungua, na kwa kiasi gani. Alijilisha kwa chini ya sarafu moja ndogo. Mwenzake Metrodorus, ambaye hakuwa amefika mbali hivyo, alihitaji sarafu nzima. Seneca anashauri siku tatu au nne, wakati mwingine zaidi, ili liwe jaribio na lisiwe mchezo. Mlo mmoja uliorukwa hauoneshi kitu, kwa sababu bado unakula kwa kungojea jioni.

Lakini mazoezi haya hayana lengo la kuichukia karamu. Epicurus anasema wazi kwamba tunajifunza kutosheka na kidogo ili tusibabaike vingi vinapokosekana, na kwamba wanaoufurahia anasa kwa utamu zaidi ni wale wanaouhitaji kidogo. Ndiyo sababu aliweza kumwandikia rafiki amletee chungu kidogo cha jibini, apate kufanya karamu atakapopenda. Jibini! Mtu anayemwita baba wa walafi hajausoma mstari huo.

Na Demetrius, jemadari wa Makedonia, alipoizingira Athens katika miaka ya 290 KK, njaa ikakaza mji mzima. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa baadaye, anasimulia kwamba Epicurus aliwavusha wenzake kwa maharage, akiwagawia kwa kuyahesabu.