Hanat si "kutia viungo"

Kwa mara nyingine nimeketi msibani nikamsikia mhubiri akieleza kwamba Yakobo alipokufa "alitiwa viungo", yaani manukato, eti ndiyo maana ya neno hanat la Kiebrania, na kwamba Yesu naye alifanyiwa vivyo hivyo. Sivyo.

Hanat ni kuutengeneza mwili wa marehemu usioze. Neno lenyewe ni adimu: liko Mwanzo 50:2-3, matabibu wa Misri wanapomshughulikia Yakobo kwa siku 40, na 50:26, kwa Yusufu. Biblia yetu inasema kupaka dawa asioze, na imepatia. Mahali pengine ni Wimbo Ulio Bora 2:13 tu, ambapo mtini unapevusha tini zake. Kama ni mzizi mmoja au miwili iliyofanana, wataalamu wanabishana, ila Kiarabu nacho kina yote mawili: hanata, mmea kupevuka, na hanut, manukato anayopakwa maiti. Waislamu wa Pwani wanaomwekea marehemu karafuu maiti kwenye paji la uso na viganja wataielewa hanut mara moja.

Viungo vimeingilia wapi, basi? Kwenye Kilatini. Jerome, mtafsiri wa Biblia ya Kilatini, alipotafsiri Mwanzo 50:2 aliandika aromatibus condirent, yaani wamkoleze kwa manukato. Kiebrania pale hakitaji manukato yoyote. Wamisri waliyatumia, ndiyo, lakini kilichozuia kuoza hasa ni magadi, yaliyoukausha mwili.

Kigiriki nacho kimechangia. Watafsiri wa kale waliolitia Agano la Kale katika Kigiriki, hapo penye hanat waliweka entaphiazo, kuandaa kwa maziko, na Yohana 19:40 inatumia neno hilohilo kwa Yesu. Ndiyo maana watu huwaunganisha Yakobo na Yesu. Lakini Yesu alifungwa sanda pamoja na manemane na uudi, akazikwa siku ileile. Hakuna aliyemkausha.

Tena mtazame mfalme Asa, 2 Nyakati 16:14. Katika maziko yake amelazwa juu ya manukato ya kila namna, yaliyochanganywa kwa ufundi, na hanat halimo kabisa! Kitenzi cha pale ni raqah, kuchanganya manukato.

Kwa hiyo, mhubiri wangu, ukitaka kusema habari za manukato ya maziko, tufungulie kwa Asa. Ukiwa kwa Yakobo soma tu kama ilivyo, apakwe dawa asioze, maana alikuwa na safari ndefu kutoka Misri hadi pango la Makpela, kule Kanaani, alikoomba azikwe na baba zake.