Rangi ya dhahabu haimzibi mtu pumzi

Katika filamu ya jasusi James Bond iitwayo Goldfinger (1964), mwanamke hukutwa kitandani amekufa, mwili mzima umepakwa rangi ya dhahabu. Bond hueleza kwamba ngozi imekosa hewa, na kwamba ingeachwa sehemu ndogo chini ya uti wa mgongo angepona. Tangu hapo wengi huamini hivyo, na wengine husema mwigizaji mwenyewe, Shirley Eaton, alifia kazini.

Binadamu hupumua kwa mapafu. Oksijeni inayopenya ngozi moja kwa moja hulisha tabaka la juu tu, lisilofika hata nusu milimita. Chini ya hapo kazi ni ya damu. Si kama chura, ambaye hupumua pia kwa ngozi. Jaribu: ziba pua na mdomo ukiwa umekaa. Ngozi yote iko wazi, lakini baada ya dakika moja hivi utatafuta hewa kwa nguvu. Mpiga mbizi naye hukaa saa nzima ndani ya vazi la mpira lililombana, na hapungukiwi pumzi.

Hatari ipo kwingine. Rangi ikiziba vitundu vya jasho, jasho halikauki, joto hupanda, na mtu aweza kuzimia kwa kiharusi cha joto. Rangi ya mbao au chuma ni mbaya zaidi, kwa sababu viyeyushi vyake, yaani kemikali zinazoyeyusha rangi, hupenya ngozini.

Watengenezaji wa filamu nao walihofia: walimwacha mwigizaji tumbo bila rangi. Kuhusu kifo chake, tazama orodha ya filamu zake. Aliendelea kuigiza hadi mwishoni mwa miaka ya 1960.