Je, wajua mkaa wa vifuu unaweza kuizuia risasi isiingie kwenye mchicha?

Risasi ninayoisema hapa ni hii ya ndani ya betri za gari na za sola. Tuseme pahala palikuwa na gereji miaka, betri zinapasuliwa hapohapo chini, tindikali yake inamwagwa, halafu gereji ikahama na mtu akaona kiwanja tupu jirani na nyumba akapiga matuta ya mchicha. Mchicha unaota tu, tena kijani kweli, na hapo ndo penye hatari, kwa sababu risasi haina harufu na wala haiuwi mmea kwa haraka ukashtuka. Unavuna, unaupika na nazi, unakula.

Na risasi haiozi. Oili chafu angalau vijidudu vinaila polepole, ila madini kama risasi na kadimiamu hayana pa kwenda, yatamkuta mjukuu palepale. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi watoto, inawapiga kwenye ubongo. Jirani zetu wa Mombasa hili wanalijua vizuri, mtaa wa Owino Uhuru palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu mpaka kikafungwa mwaka 2014, kesi yake ikaenda hadi Mahakama ya Juu ya Kenya.

Sasa mkaa unaingiaje? Huu wanauita bayocha, ni mkaa uliochomwa kwa hewa kidogo sana, nyuzi 300 mpaka 700 hivi, kwa ajili ya kutiwa kwenye udongo na si wa kupikia. Watu wengi wakisikia hivyo wanadhani mkaa unaifuta ile sumu. Haifuti. Ukiupima udongo kabla na baada, risasi jumla ni ileile. Kinachobadilika ni ile sehemu iliyoyeyuka kwenye maji ya udongo, na mzizi haunywi ila kilichoyeyuka, basi kazi yote ya bayocha ni kuipunguza hiyo.

Inaipunguza kwa njia kadhaa kwa pamoja. Kwanza mkaa una vitundu vingi mno ndani, gramu 1 tu ya mkaa uliochomwa kwa moto mkali ukiutandaza uso wake wa ndani unaweza kupita mita za mraba 100, na kwenye uso huo kuna sehemu zenye chaji hasi, na risasi iliyoyeyuka ina chaji chanya, kwa hiyo inanasa. Pili, na hii kwa maoni yangu ndo kubwa kuliko hiyo ya vitundu inayosifiwa kila siku, mkaa una majivu, na majivu yanashusha tindikali ya udongo. Udongo ukiwa na tindikali risasi inayeyuka na kutembea, tindikali ikishuka inagandana na kabonati na kukaa chini. Tatu ni fosfeti, yaani chumvichumvi yenye fosforasi, ikikutana na risasi yanatokea madini magumu ambayo karibu hayayeyuki kabisa. Mkaa wa mbolea ya ng'ombe na wa mifupa ndo wenye fosfeti nyingi. Nyie mnaotupa mifupa ya samaki msikie hii: mwaka 2011 kule Oakland, Marekani, serikali yao ilitia unga wa mifupa ya samaki kwenye viwanja vya nyumba za watu kwa ajili ya risasi hiyohiyo, na hata hawakuichoma ikawa mkaa.

Malighafi sie tunayo, wala hamna haja ya kukata mikoko. Vifuu, makumbi, makonyo ya karafuu, pumba za mpunga, vyote vinafaa vikiwa vikavu. Unachimba shimo lenye umbo la faneli, unawasha moto chini, kila ukiona majivu meupe yanaanza juu unaongeza tabaka jengine, mwisho unazima kwa maji mengi, ukichelewa unabaki na jivu tu. Ukipata theluthi ya uzito uliotia basi umefanya vizuri.

Kiasi ndo kinachowavunja watu moyo. Udongo wa mita 1 ya mraba kwa kina cha sentimita 20 una kilo kama 260, na asilimia 2 ya hapo ni kilo 5. Kijishamba cha mita za mraba 10 kinataka kilo 50 za mkaa uliosagwa na kuchanganywa hasa na udongo, kwa sababu ukiumwaga juu tu risasi ya chini haijui kama mkaa umekuja. Kwa bustani ya nyumbani inawezekana, kwa eka nzima ni shughuli.

Na si kila pahala faida ni moja. Kusini na mashariki ya Unguja, Makunduchi, Jambiani na kule, udongo umekalia mawe ya matumbawe, chokaa imejaa tayari, kwa hiyo ile faida ya kushusha tindikali unaipata kidogo sana. Kwenye vilima vya Pemba mvua nyingi zimeshaikosha chokaa, hapo majivu yana kazi ya kufanya. Ila ukishatia bayocha halafu ukaendelea kumwaga mbolea ya SA (salfeti ya amonia) kila msimu, SA inarudisha tindikali, na baadhi ya ile risasi iliyokuwa imetulia inaanza tena kutembea.

Aseniki, sumu nyengine inayoweza kuwemo udongoni, ndo kabisa, tabia yake kinyume na ya risasi. Kwenye udongo mara nyingi inakuwa na chaji hasi, kwa hiyo mkaa hauivuti, na tindikali ikishuka yenyewe inaweza kuachia zaidi. Ndo maana ni lazima ujue una madini gani kabla hujachoma chochote, na hilo linataka maabara, kwa macho hulijui.

Kitu chengine, mtoto anayecheza pale na kutia vidole mdomoni anameza udongo wenyewe na mkaa wake, haupitii kwenye mzizi, kwa hiyo usimwache achezee pale eti kwa kuwa mchicha umepimwa ukaonekana afadhali.

Halafu angalieni mnachochoma. Mbao za boti kuukuu zenye rangi, nguzo zilizotiwa dawa, milango iliyopakwa rangi ya zamani, hizo zina shaba, aseniki na risasi zenyewe, na moto hauyaondoi madini yote, mengi yanabaki kwenye mkaa. Utakuwa umechukua sumu ya bandarini umeipeleka bustanini kwa mikono yako.