Upepo wa ziwa hauui vijidudu: tunayoamini tukisafiri kwa meli na boti wakati wa mlipuko wa magonjwa, na ukweli wake

Kwenye boti ya Ziwa Tanganyika, kutoka Kibirizi, Kigoma, kwenda kijiji cha Kagunga, niliwahi kukaa jirani na kikombe chekundu cha plastiki kilichofungwa kamba kwenye ubao wa pembeni. Mwenye kiu alikitupa ziwani, akakivuta, akanywa, akampa wa jirani. Kilipita mikono na midomo mingi, kisha mama mmoja akaninyooshea: "Kunywa mwanangu, jua kali." Nikanywa, kwa sababu kukataa maji ya mama kama yule ni kumvunjia heshima. Tangu siku hiyo huwa nasikiliza kwa makini yale tunayoambizana tukiwa safarini, na mengi si kweli.

"Maji ya katikati ya ziwa hayana ugonjwa."

Naelewa imani hii inatoka wapi. Ziwa Tanganyika lina kina kinachozidi mita 1,400, na maji yake ni maangavu hata unahesabu mawe yaliyo chini. Lakini bakteria wa kipindupindu haonekani kwa macho, maji yawe meupe au ya tope. Tena abiria wengi hawachoti katikati. Wanachota boti inaposimama kushusha watu, karibu na vijiji ambavyo vyoo ni vichache. Na kwenye boti nyingi za mbao, choo ni ziwa lenyewe.

Walioishi Kigoma mwaka 2015 hawahitaji kuelezwa. Mwezi Mei makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walijikuta Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na maji, wakinywa maji ya ziwa lilelile lililopokea uchafu wao. Kipindupindu kikalipuka. Meli ya abiria MV Liemba ikawa inatia nanga mbali kidogo na ufukwe, watu wanapelekwa kwa boti ndogo, kisha inawaleta Kigoma mjini, ambako walipokelewa uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika kabla ya kwenda kambi ya Nyarugusu. Wagonjwa walifikia maelfu, na zaidi ya watu 30 walikufa.

Wapo wanaosema hicho ni ugonjwa wa huku kwetu tu, si janga la dunia kama korona. Si hivyo. Kipindupindu tunachougua ni sehemu ya janga la saba la dunia la ugonjwa huo, lililoanzia Indonesia mwaka 1961, likaingia Afrika mwanzoni mwa miaka ya 1970, na hadi leo halijaisha.

Kwa hiyo beba maji ya nyumbani. Yakishachemka na kutokota dakika moja yanatosha. Si lazima yachemke saa nzima na kumaliza mkaa. Yatie kwenye dumu safi lenye mfuniko. Kama umebeba dawa ya klorini, fuata kipimo cha kwenye pakiti na usubiri nusu saa kabla ya kunywa.

"Anatapika kwa sababu ya mawimbi."

Hii ndiyo inayonitisha kuliko zote, kwa sababu mara nyingi ni kweli, na siku isiyo kweli inaua.

Kichefuchefu cha mawimbi huanza chombo kinapoyumba. Mtu anapauka, jasho jembamba linamtoka, anatapika, na akikanyaga nchi kavu anaanza kupata nafuu. Hakimharishi. Kipindupindu kinaharisha, na choo chake kinafanana na maji yaliyooshewa mchele, kingi, kinachotoka bila hata tumbo kukata. Mtoto akifika hapo, mtazame machoni: yameingia ndani. Finya ngozi ya tumbo lake taratibu na uachie. Ikirudi polepole, ameishiwa maji mwilini. Nimewahi kuona mtoto wa namna hiyo amelala kwenye gunia la dagaa, abiria wanamfariji mama yake kwamba "ni mawimbi tu, dada, tukifika atacheza". Tulikuwa bado na vituo viwili mbele.

Kipindupindu kikali kinaweza kumuua mtu ndani ya saa chache asipotibiwa. Akinyweshwa maji ya chumvi na sukari mapema na kufikishwa kwenye matibabu, karibu wote wanapona. Ndiyo maana pakiti za ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, ni mzigo wa kwanza wa msafiri, kabla hata ya kitenge cha kujifunika. Ukiwa huna pakiti, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Mpe kidogokidogo. Akitapika, subiri dakika kama kumi, uendelee. Usiache kumpa eti kwa kuwa anatapika.

"Majini kuna upepo, korona haikai."

Juu kwenye sitaha, hewa ikipita, hatari inapungua kweli. Ila nani analala sitahani usiku baridi ikishaanza? Watu wanashuka chini, madirisha yanafungwa, wanalala mabega yamegusana. Huko hewa aliyoitoa mmoja anaivuta mwenzake mpaka alfajiri.

Dunia iliona hilo Februari 2020 kwenye Diamond Princess, meli ya watalii iliyozuiwa bandari ya Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711. Haikukosa upepo, wala sabuni, wala daktari. Abiria waliamriwa kubaki vyumbani, lakini mabaharia waliendelea kupika, kugawa chakula na kulala wawili wawili chumba kimoja. Walioambukizwa walifikia 712, wapishi na wahudumu wa chakula wakiwamo. Meli na boti zetu ni ndogo mno ukizilinganisha na ile, na nafasi ya kujitenga ni ndogo zaidi. Barakoa ivae ukiwa chini, kwenye msongamano na kwenye foleni ya gati, pale ambapo wengi wetu ndipo tunapoishusha kidevuni ili tuongee vizuri.

"Amepimwa joto bandarini, yuko salama."

Kipima joto kinaona homa tu. Kwenye Diamond Princess, karibu nusu ya waliokutwa na virusi hawakuwa na dalili yoyote siku waliyopimwa. Kipindupindu nacho mara nyingi hakileti homa, na wengi walio na bakteria wake hawajisikii kuumwa ingawa choo chao kinaambukiza.

"Nina kitakasa mikono, inatosha." Kwa korona kinasaidia. Ila virusi vya norovirus, ambavyo vimewaharisha na kuwatapisha abiria wa meli kubwa miaka mingi, spirti haiviwezi vizuri. Sabuni na maji tiririka ndiyo dawa. Ndoo yenye koki ikifungwa karibu na choo cha boti, au hata kibuyu chirizi, yaani kidumu kinachoning'inizwa na kuinamishwa kwa mguu, ni kazi ya asubuhi moja kwa mwenye chombo.

Kujifukiza kabla ya safari nako hakukingi. Mvuke unaweza kuzibua pua, lakini hauui virusi vilivyo mapafuni, na nyungu imewaunguza watu.

"Ukisema unaumwa utafungiwa."

Hofu hii naiheshimu. Mchuuzi mwenye mzigo wa dagaa akizuiliwa siku tatu, mtaji umeoza. Lakini karantini haina maana ya kifungo wala haina maana kwamba umeshakuwa mgonjwa. Ni kuhesabu siku ambazo ugonjwa ungejitokeza. Kwa kipindupindu dalili huonekana ndani ya saa chache hadi siku tano, kwa korona siku 2 hadi 14. Anayeharisha akapimwa na kutibiwa mapema anaweza kuwa njiani tena baada ya siku chache. Anayeficha anaipeleka familia yake na boti nzima hadi kijiji cha mwisho. Kama tumbo limeanza kukusumbua usiku wa kuamkia safari, mwambie nahodha ukiwa bado Kibirizi, kamba haijafunguliwa. Hapo hospitali ni safari ya pikipiki tu.