Kutyuni injini baada ya kubadili filta na ekzosi: maana yake ni nini?

Kutyuni injini ni kulinganisha upya hewa na petroli zinazoingia ndani yake, zirudi kwenye uwiano unaoungua vizuri. Muungurumo hauhusiki. Pikipiki inaweza kusikika kuanzia Mwanga mpaka Ujiji, hapa Kigoma, na bado haijatyuniwa hata kidogo.

Nalisema hili mapema kwa sababu Kigoma utakuta pikipiki mpya, plastiki ya siti haijabanduliwa, tayari imefungwa ekzosi ya wazi, yaani bomba la moshi lisilozuia mlio, na filta ya hewa ile ya koni isiyo na boksi. Mwenye nayo anaamini kazi imekwisha. Kwa kweli hapo ndipo kazi imeanza, maana kiwanda kiliipima injini ikiwa na filta yake na ekzosi yake.

Gramu 1 ya petroli inahitaji takriban gramu 14.7 za hewa ili iungue yote. Ukivuta mafuta mpaka mwisho, injini hutoa nguvu zaidi uwiano ukishuka hadi kama 12.5 au 13, yaani petroli ikizidi kidogo. Kwa hewa ya hapa kandokando ya Ziwa Tanganyika, lita 1 ya petroli inataka karibu lita 10,000 za hewa, ambayo ni hewa ya kujaza chumba kidogo cha kupanga. Yote inapita kwenye filta, kisha moshi wake unatafuta njia kwenye ekzosi. Ukifungua njia hizo mbili, hewa inaongezeka. Petroli haiongezeki kwa kiwango hicho, kwa sababu kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, huipandisha kwa mvuto wa hewa inayopita, na filta ikiwa wazi mvuto ule unapungua.

Hewa ikizidi, dalili zinajitokeza zenyewe. Pikipiki inagoma kuwaka asubuhi bila choki. Ukiivuta ghafla inasita kwanza ndipo iende. Ukiachia mafuta kwenye mteremko, ekzosi inapiga pa-pa-pa, na kuna wanaoufurahia mlio huo! Injini inachemka kupita kawaida, na ukiendelea hivyo kwa safari ndefu unaweza kuunguza valvu au pistoni. Ila mlio peke yake usiufanye ushahidi: gasketi ya ekzosi ikivujisha pale inapounganika na injini, utausikia huohuo hata kama petroli iko sawa. Kagua gasketi kwanza, ni bei ndogo.

Sasa tuje kwenye kinachoitwa tyuni kwenye vijiwe vingi. Fundi anaisimamisha kwenye stendi kubwa, anawasha, anachukua bisibisi na kuzungusha skrubu ya pembeni ya kabureta mpaka sailensa, yaani mwendo wa injini ukiwa hujavuta mafuta, inatulia. Anapiga resi mara mbili. “Tayari kaka, sikia inavyoimba.” Unalipa, unaondoka.

Skrubu ile inatawala sailensa na mwanzo tu wa kuvuta mafuta, mpaka robo hivi. Kuanzia robo hadi robo tatu, mwenye sauti ni sindano inayopanda na kushuka ndani ya kabureta: klipu yake ikishushwa ngazi moja, sindano inakaa juu zaidi na petroli inaongezeka. Kutoka robo tatu hadi mwisho, mwamuzi ni jeti kubwa, kipande chenye tundu dogo linalopitisha petroli. Kwa hiyo ukiwa njiani kwenda Kasulu na abiria na mzigo, mkono umevuta mafuta mpaka mwisho, ile skrubu aliyoihangaikia fundi haina usemi. Pikipiki iliyotulia vizuri kijiweni inaweza kuwa inajichoma barabarani.

Dawa yake ni kubadili jeti kubwa kwa ile yenye namba ya juu kidogo, hatua moja moja, na kujaribu kila mara. Kuna wanaoipanua jeti ya zamani kwa waya. Usikubali. Tundu likishaharibika hakuna anayejua tena linapitisha kiasi gani, na namba iliyogongwa juu yake inakuwa uongo.

Majaribio hufanyika barabarani. Funga plagi mpya, tafuta kipande kilichonyooka kisicho na magari, vuta mafuta mpaka mwisho kwa muda mfupi, kisha bana klachi na zima injini papo hapo bila kuiacha irudi sailensa. Ikisimama, fungua plagi. Kaure ile nyeupe ya kwenye ncha ya plagi ikiwa kavu na nyeupe kabisa, hewa bado imezidi. Masizi meusi makavu, petroli imezidi. Rangi ya kahawia nyepesi ndiyo unayoitafuta. Ukiiacha injini ingurume kwanza ndipo ufungue plagi, utakuwa unasoma sailensa.

Mwinuko nao unaingia kwenye hesabu. Ziwa Tanganyika liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, Kasulu iko zaidi ya mita 1,200, na hewa hupungua uzito kwa karibu asilimia 1 kila mita 100. Pikipiki iliyopimwa sawasawa Kigoma mjini itakuwa na petroli iliyozidi kidogo kule juu. Si tatizo, na kwa injini ni afadhali hivyo kuliko kinyume chake.

Pikipiki za injeksheni, zile ambazo petroli hupulizwa kwa amri ya kompyuta badala ya kabureta, hazina jeti. Kompyuta yake husoma moshi na kurekebisha yenyewe, lakini kwa kiasi, na zaidi ukiwa mwendo wa kawaida. Ukivuta mafuta mpaka mwisho inafuata hesabu iliyopangwa kiwandani, nayo hubadilishwa kwa programu.

Kwa anayebeba madumu ya mawese kupandisha milima, mimi simshauri afunge ekzosi ya wazi. Mara nyingi nguvu ya chini, ile ya kuondokea na mzigo, hupungua, na filta isiyo na boksi kwenye vumbi letu jekundu inataka kusafishwa kila mara. Kama umeshaamua, maliza ranin (kipindi cha kuzoesha injini mpya) kwanza kama kitabu cha pikipiki kinavyosema, uliza habari ya waranti kabla ya kufungua boliti hata moja, na jeti ya kiwandani usimwachie fundi: itie kwenye mfuko pamoja na filta ya zamani, utazihitaji siku ya kuiuza.