Kupima Kisichoonekana: Utafiti wa Saikolojia Hufanywaje, na Huharibikia Wapi

Hasira haina mizani na kumbukumbu haina futi kamba. Kwa hiyo, kabla ya takwimu yoyote, mtafiti wa saikolojia hana budi kuamua ni kitu gani hasa atakihesabu. Akikosea hapo, hakuna hesabu itakayomwokoa baadaye.

Tuseme anataka kujua kama kukosa usingizi kunadhoofisha kumbukumbu. Usingizi unageuzwa kuwa saa: kundi moja lilale kwa saa 4, jingine kwa saa 8. Kumbukumbu inageuzwa kuwa idadi ya maneno ambayo mshiriki anayataja kati ya 20 aliyosomewa nusu saa kabla. Kwa nini 20? Kwa sababu orodha ya maneno 5 karibu kila mtu ataimaliza. Alama zitabanana juu, na tofauti haitaonekana hata kama ipo.

Ingekuwa rahisi zaidi kuwauliza watu hulala kwa saa ngapi, kisha kuwapima. Lakini mwenye wasiwasi hulala kidogo na pia husahau, vivyo hivyo mgonjwa na mzazi wa mtoto mchanga. Uhusiano utaupata, chanzo hutakijua. Dawa yake ni kuwagawa washiriki kwa nasibu, ili wasiwasi, umri na afya visambae bila kupendelea kundi lolote. Nasibu maana yake ni kura au kompyuta. Kuwaweka waliofika mapema kundi la kwanza na waliochelewa kundi la pili si nasibu, maana wanaowahi mara nyingi si sawa na wanaochelewa. Kosa hili ni la kawaida mno. Washiriki wawe wameridhia, wajue wanaweza kujitoa wakati wowote, na aliyenyimwa usingizi asiruhusiwe kuendesha gari kurudi nyumbani.

Anayesahihisha majibu naye asijue nani yuko kundi gani. Mwaka 1907, huko Berlin, Oskar Pfungst alimchunguza farasi Hans, aliyesifika kwa kujibu hesabu kwa kugonga kwato. Muulizaji asipojua jibu, Hans alikosea. Alikuwa akifuata miondoko midogo ya kichwa na mwili wa muulizaji, ambaye mwenyewe hakujua kwamba anaitoa. Kama farasi huisoma, binadamu je?

Idadi ya washiriki ndipo tafiti nyingi zinapofia. Kwa tofauti ya nusu mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika kuzunguka wastani) kati ya makundi mawili, na kiwango cha maana cha 0.05 (yaani kukubali hatari ya asilimia 5 ya kuona tofauti isiyokuwepo), unahitaji watu 64 kila kundi ili uwe na nafasi ya asilimia 80 ya kuiona. Ukiwa na 20 kila kundi, nafasi hiyo hushuka hadi karibu theluthi moja. Tofauti ikiwa nusu ya hiyo, mahitaji ya washiriki huongezeka karibu mara nne.

Dodoso nalo lina mitego yake. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu za ajali za magari, kisha wakauliza mwendo ulikuwa kiasi gani, wakibadilisha kitenzi tu. Walioulizwa kwa kitenzi chenye maana ya kugongana kwa kishindo walikadiria wastani wa maili 40.5 kwa saa. Kwa kitenzi cha kugusana, 31.8. Basi pima kila neno. Usiulize mambo mawili kwa pamoja: “Je, una huzuni na uchovu?” haijibiki kwa mwenye uchovu tu. Dodoso lililotungwa kwa lugha nyingine litafsiriwe, kisha mtu ambaye hajaona la awali alirudishe kwenye lugha lilikotungwa. Hata hapo, waulize watu wachache wanaelewa nini wakilisoma, kwani tafsiri sahihi inaweza kuwa swali lisiloeleweka.

Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia. Asilimia 97 ya zile za awali zilikuwa na matokeo yenye maana kitakwimu. Za marudio, 36 tu. Sampuli ndogo zina lawama, na pia tabia ya kuchambua data kwa njia nyingi na kutangaza iliyopendeza. Ukipima mambo 20 yasiyotegemeana, ambayo hayana tofauti yoyote, kwa kiwango cha 0.05, uwezekano wa angalau moja kukudanganya ni asilimia 64. Ndiyo maana leo tunahimiza usajili wa awali: nadharia tete (dai linalopimwa), idadi ya washiriki, sababu za kuondoa data ya mtu na aina ya uchambuzi viandikwe na kuwekewa tarehe kabla mshiriki wa kwanza hajaingia chumbani.