"Sorry" si kukiri kosa kila mara

Wengi huamini kuwa neno la Kiingereza "sorry" ni samahani tu, na kwamba anayelitamka amekiri kosa. Wapo hata wanaomwonya dereva asilitamke baada ya ajali.

Maana hiyo ipo, ila haiko peke yake. Neno lilitokana na "sārig" la Kiingereza cha kale, yaani mwenye maumivu au huzuni. Ndiyo maana Mwingereza humwambia mfiwa "I'm sorry for your loss": hapo anampa pole. Akisema "Sorry?" kwa sauti ya kupanda, hakusikia, anaomba urudie. "A sorry state" nayo ni hali ya kusikitisha.

Ukijikwaa Nairobi, mpita njia atakuambia "sorry"; ukimwambia hivyo mtu wa London, huenda akashangaa, kwani si wewe uliyemwangusha. Na kuhusu ajali, sheria ya mwaka 2006 ya England na Wales inasema kuomba radhi pekee si kukiri uzembe.

Kuhakiki maana si kazi ngumu: fungua kamusi kubwa, usiishie maana ya kwanza, soma mifano. Kisha tazama maneno yanayofuata. "Sorry to hear that" ni pole; "sorry I'm late" ni radhi.